Suti ya baridi husomwa kwa ndani

"Dada, suti ya mpira ya maji baridi ninunue ya milimita ngapi?"

Aliyeniuliza hivyo Jumanne ni kijana mmoja anayeongoza rafti, zile mashua za mpira, hapa mtoni. Alikuwa amesimama mlangoni pa kibanda changu, kaptula bado inachuruzika maji ya Nile, na bahasha yenye viza ameishika juu isilowe. Anakwenda Ireland kuanzia Januari hadi mwisho wa Machi, kwa jamaa waliojuana hapa hapa Jinja, Uganda, na anataka kuteleza kwenye mawimbi ya Atlantiki kila siku atakayopata nafasi. Nilimjibu kwa haraka kwa sababu nilikuwa na makoti manane ya kuokolea ya kushona kabla ya jioni. "Tano kwa nne," nikasema, yaani milimita 5 kiwiliwili na 4 mikononi na miguuni, akaenda zake. Jibu lile limenisumbua tangu siku hiyo. Si kwamba nilimdanganya, ila nilimwambia kitu kidogo nikaacha kikubwa. Leo mvua imesimamisha kazi, kwa hiyo nakuandikia, mdogo wangu, wewe na yeyote aliyelelewa na maji ya huku anayejiandaa kuingia maji ya kule.

Kwa wasionijua, mimi ni fundi cherehani. Nimezaliwa kambini hapa Jinja, baba askari, mama mtu wa Arua aliyekuwa akishona sare za wanajeshi na za watoto wa shule kwa cherehani ya kukanyaga. Ndiyo maana lugha yangu ya kwanza ni Kiswahili na si Lusoga, na ndiyo maana naandika hivi. Kwa miaka kumi na mbili sasa kazi yangu kubwa imekuwa vifaa vya mtoni: makoti ya kuokolea, sketi za kayaki, mikanda, na nguo za mpira ambazo kila mtu hapa anaziita wetisuti. Maji nayajua pia kwa mwili. Kuogelea kwenye mkondo wenye nguvu nilijifunza Bujagali, kabla bwawa halijayameza maporomoko yale mwaka 2011, na kusimama juu ya ubao nilijifunza kwenye mawimbi ya mto, yale yanayokaa mahali pamoja ukateleza juu yake huku maji yakikimbia chini yako.

Nile yetu ina nyuzi 25 hivi mwaka mzima. Ukianguka unawaza mwamba, unawaza mkondo, unawaza wapi utavuta pumzi. Baridi haimo kwenye hesabu kabisa. Wetisuti tunayovaa hapa ni ya kuzuia michubuko ya mawe na jua la mgongoni, na ukiona mtu anatetemeka basi amekaa mno kwenye upepo au ana malaria. Ukiwa umekulia katika maji kama haya, hakuna kitu mwilini mwako kinachokuonya kuhusu maji ya nyuzi 9.

Mimi nilionywa na bahari yenyewe. Januari ya 2019 nilikuwa Bundoran, mji mdogo wa pwani ya kaskazini-magharibi ya Ireland, kwa rafiki aliyekuwa na karakana ya kutengeneza wetisuti za watu. Tulikuwa tumekubaliana kwamba nitashona kwake majira yote ya baridi, na kukiwa na mawimbi tutaingia. Nilikwenda na suti yangu niliyoipata Owino, soko la Kampala, kwenye mivumba, yaani mitumba: nyeusi, milimita 3 kiwiliwili na 2 mikononi, safi, haina tundu hata moja. Niliichagua mwenyewe na nilijivunia. Asubuhi ya pili tukashuka ufuko wa Tullan. Kule mwezi ule jua linachomoza karibu saa tatu asubuhi na kufikia saa kumi na nusu jioni limeshazama, basi kila mtu anakimbizana na mwanga. Upepo ulikuwa unatoka baharini. Nikaingia.

Maji yalipofika kiunoni nilihisi kama kuna mtu ananimwagia ndoo ndani ya suti, polepole, kuanzia mgongoni. Wimbi la kwanza likanifunika kichwa. Kifua kikakaza. Nikavuta pumzi bila kutaka, nikavuta nyingine kabla sijaitoa ile ya kwanza, na maumivu yakanishika katikati ya nyusi kama msumari. Nilipiga makasia ya mikono mara chache tu. Kila nilipoupeleka mkono mbele, maji mapya ya baridi yaliingia kwapani, yakashuka ubavuni, yakatokea kwenye kifundo cha mguu. Robo saa haikwisha nikatoka. Vidole vilikuwa havikunjiki. Rafiki yangu ndiye aliyenifungulia mlango wa gari, ndiye aliyenivua, na nililia. Nilikuwa nimesubiri safari ile miaka minne.

Usiku nikaitundika suti bafuni, nikaigeuza ndani nje, nikaiangalia kwa macho ya kazi yangu. Hapo ndipo nilipoona. Mishono yote ilikuwa ya flatiloki. Nilikuwa nimenunua nguo ya maji ya vuguvugu, na mimi ni fundi.

Sasa nikueleze mishono, kwa sababu hii ndiyo sehemu ambayo muuzaji atairuka akimbilie kukutajia milimita.

Ovaloki unaijua hata kama hujui jina lake. Geuza fulana yoyote uliyovaa: kingo mbili zimewekwa pamoja, uzi ukazizungushia, ukabaki mgongo mdogo kwa ndani. Kwenye wetisuti mgongo ule unakwangua ngozi na unapitisha maji, na huuoni ila kwenye suti nyembamba za bei ya chini. Flatiloki ni ile ya nguo za mazoezi. Kingo zinalazwa, uzi unapita juu na chini, mshono unakaa bapa na mwili unaupenda. Ni imara sana. Kwa kazi ya rafti hapa Jinja siwezi kukushauri mwingine. Lakini ili ushike hivyo, sindano lazima itoboe mpira wote kutoka upande huu hadi ule, na inatoboa mara mamia kwa kila mshono. Mpira wenyewe haupitishi maji hata tone. Ni sindano iliyofungua milango hiyo.

Wa tatu ndio unaoutaka. Kingo mbili za mpira zinapakwa gundi kwanza, zinabanwa uso kwa uso hadi zishikane zenyewe, halafu ndipo zinashonwa kwa sindano iliyopinda, inayoingia nusu ya unene wa mpira na kutokea upande ule ule ilikoingilia. Haitoboi hadi upande wa pili. Mama alikuwa akimalizia hivyo pindo za suruali za suti za maafisa: uzi unashika kidogo tu kwa ndani, na kwa nje huoni alama. Sisi tunauita mshono wa kuficha. Kwenye suti nzuri ya baridi, juu ya mshono huo kwa ndani wanabandika utepe wa mpira, au wanapitisha mstari wa mpira wa majimaji unaokauka kama kovu linalong'aa. Ukiupitisha kidole unausikia.

Namna ya kuutambua dukani: geuza suti ndani nje. Tafuta uzi. Ukiuona upande mmoja tu, upo salama. Ukiuona pande zote mbili, rudisha. Kisha vuta mshono kidogo kwa vidole gumba mbele ya dirisha au taa ya simu, na ukiona vitone vya mwanga, hiyo ni suti ya Nile. Usianzie kifuani, kifuani kila kiwanda hufanya vizuri. Anzia kwapani, kati ya miguu, na nyuma ya magoti, pale ambapo vipande vitatu au vinne vinakutana, kwa sababu hapo ndipo gundi huachia kwanza. Fundi aliyejali ataweka kiraka kidogo cha mviringo juu ya makutano hayo. Nikivikuta viraka hivyo najua suti ile ilipita mikononi mwa mtu anayeogopa aibu, na huwa nanunua.

Kwa nini nasisitiza hivyo? Watu wengi mtoni husema wetisuti inakupa joto kwa kunasa maji ambayo mwili unayapasha. Maji hayo yapo kweli, lakini si yenye kazi. Mwanafizikia wa Berkeley, Marekani, Hugh Bradner, ndiye aliyeona jambo hili mwanzoni mwa miaka ya 1950: si lazima uwe mkavu ili uwe na joto, kwa sababu kinachozuia baridi ni gesi iliyofungiwa ndani ya mpira wenyewe. Neopreni ni mpira uliojaa vipovu vidogo vidogo vilivyofungwa, kama mkate uliovimba usiokuwa na njia kati ya shimo na shimo. Vipovu ndivyo blanketi lako. Maji yaliyo kati ya ngozi na mpira yanakuwa rafiki yako mradi tu yabaki pale pale. Yakipata njia ya kutoka na mengine kuingia, unaipasha moto bahari ya Atlantiki kwa mwili wako, na maji hunyonya joto kwa kasi ya mara 25 hivi kuliko hewa. Utashindwa.

Ndiyo maana suti ya milimita 4 yenye mshono wa gundi inaishinda suti ya 5 ya flatiloki. Rafiki yangu aliniazima ya 4 siku ya tatu. Nilikaa majini dakika hamsini.

Milimita zenyewe hazina maneno mengi. Namba ya kwanza ni kiwiliwili, ya pili ni mikono na miguu, na mpira unapunguzwa huko ili viungo vikunjike. Kwa nyuzi 12 hadi 15 watu wengi wanavaa 4/3. Kwa nyuzi 8 hadi 11, ambayo ndiyo bahari ya Donegal, kaunti ya Bundoran, utakayoikuta, vaa 5/4. Chini ya hapo wanakwenda 6/5. Usinunue 6 kwa woga. Mabega yatachoka nusu saa ya kwanza, na mtu aliyechoka mabega katika mawimbi yuko hatarini kuliko anayesikia baridi kidogo.

Kitu kinacholingana na mshono kwa uzito ni vipimo, na hapa nina hofu na wewe hasa. Wewe ni mrefu na mwembamba, watu wenu wa Gulu mna miguu inayoanzia kifuani. Ukivaa M ya kawaida, suruali itaishia juu ya kifundo na mabega yatavutwa chini. Ukivaa L ili upate urefu, kiuno na mgongo vitabaki na nafasi, na nafasi ni ndoo ya maji. Tafuta iliyoandikwa MT, yaani ya wastani ndefu. Wanawake tunapewa namba, 8, 10, 12, na mkato wa kifua na nyonga ni mwingine kabisa, kwa hiyo dada zangu msikubali kuuziwa ya kiume ndogo. Nimezirekebisha nyingi za namna hiyo, na ukishapunguza kiuno cha suti ya gundi umeshaujeruhi ule mshono uliokufanya uinunue.

Ukiivaa, iwe inabana kiasi cha kukusumbua. Ikilowa italegea kidogo. Bana mgongoni juu ya makalio kwa vidole viwili: ukipata mkunjo wa kushika, ni kubwa. Nyanyua mikono yote miwili juu kabisa, na kama kati ya miguu panavutwa, ni fupi. Chuchumaa. Pumua hadi mwisho. Shingoni kidole kimoja kiingie kwa taabu, kisikunyonge. Kujaribu kwenyewe kunachukua dakika kumi, na hapa Jinja mchana unaweza kuzimia ndani ya suti ya 5, sitanii, nimemwona mtu mzima akikalishwa chini na kumwagiwa maji. Jaribu alfajiri. Vaa mfuko wa plastiki mguuni na mkononi ili mpira uteleze, na vuta kwa nyama za vidole, usitumie kucha. Nusu ya matundu ninayoyaziba ni umbo la mwezi mwandamo: ni kucha ya mwenye suti mwenyewe.

Zipu ya mgongoni ni rahisi kuvaa, lakini ni mshono mrefu kuliko yote na unakaa mahali ambapo wimbi likikupita linamwaga maji. Zipu ya kifuani ni fupi, unaingia kwa kupenyeza kichwa, na mgongo wote unabaki mpira mtupu unaovutika. Chukua ya kifuani. Utasumbuka siku mbili tatu kuijua, basi.

Bitana nayo ina maana zaidi ya nilivyodhani. Suti za baridi huwekewa kifuani na mgongoni bitana yenye manyoya mafupi, kama blanketi la mtoto. Inashika hewa kidogo, maji yanachuruzika haraka, na suti inakauka upesi, jambo ambalo utalijua thamani yake asubuhi utakapovaa mpira uliolowa ndani ya chumba chenye nyuzi 6. Hakuna kitu kinachomvunja mtu moyo kama hicho. Nimewaona wavulana wenye nguvu wakiahirisha mawimbi mazuri kwa sababu hiyo tu.

Kwa nje utaona aina mbili. Kuna mpira mtupu unaong'aa, ambao haushiki maji, hivyo upepo hauunyonyi joto, na kuna mpira uliofunikwa kitambaa cha nailoni, ambao ni mgumu wa kuchanika. Ule wa kung'aa kifuani na mgongoni ni mzuri sana kwenye upepo, lakini ukigusa mwamba au ukiulalia zege umekwisha. Kwa kijana anayetaka suti imdumu misimu mitatu na hana fedha ya kununua nyingine, ningependelea kitambaa kila mahali, na magotini kuwe na kinga nene. Huo ni uamuzi wangu wa fundi. Watelezaji wengi wa kule wangekuambia vingine.

Usidharau kichwa, mikono na miguu. Kofia ya mpira iliyoshonwa pamoja na suti ndiyo bora, kwa sababu maji hayapati mlango shingoni. Pamoja na kuondoa ule msumari wa kwenye nyusi, inayalinda masikio: maji ya baridi na upepo, mwaka baada ya mwaka, husababisha mfupa ndani ya tundu la sikio ukue hadi uzibe njia, na kuuondoa ni upasuaji. Buti ziwe za milimita 5 angalau, na zikuenee bila nafasi mbele ya vidole. Glavu nyembamba kadiri utakavyostahimili, maana mkono usioshika ubao ni hatari. Ingiza mkono wa suti juu ya glavu na mguu wa suti juu ya buti, kama bati linavyolala juu ya jingine, ili maji yateremke nje.

Na dakika ya kwanza, mdogo wangu. Hata ukiwa na suti bora duniani, uso utaguswa na pumzi itakukimbia. Usipige makasia. Simama maji ya kiunoni, toa pumzi taratibu, toa tena, hadi uone unaitawala. Inachukua dakika moja, mbili. Watu wanaokufa katika maji ya baridi wengi hawafi kwa kuganda, wanakufa kwa kuvuta maji katika dakika hizo. Vidole vikianza kukataa kugusana, toka, hata kama mawimbi ndiyo kwanza yamepangika. Ukitoka vua penye kinga ya upepo, vaa kavu, kunywa chai ya tangawizi uliyoibeba kwenye thamosi, na usikimbilie kuoga maji ya moto sana wakati bado unatetemeka.

Bei. Suti mpya ya namna niliyoieleza kule ni kama euro 400, zaidi ya shilingi milioni moja na nusu. Najua. Kwa hiyo utatafuta ya mtumba, na mimi sina ubaya na mtumba, ndio umenilisha. Ila ujue mpira huzeeka hata kama haukuchanika. Vipovu vinalala kidogo kidogo, na suti ya 5 iliyotumika sana haina tena joto la 5. Bonyeza kwa kidole gumba kifuani kisha achia: ukirudi mara moja, bado una uhai, ukibaki na shimo, umekufa. Ukunje, tazama kama kuna nyufa ndogo kama za tope lililokauka. Nusa. Kama una nafasi, funga kifundo cha mkono kwa kamba, jaza maji ndani ya mkono, kamua polepole. Mshono unaovuja utalia matone nje, nawe unauwekea alama ya chaki.

Mshono uliovuja unatengenezeka, na hili ndilo linalonifanya niipende kazi hii. Osha, kausha kabisa, siku mbili ikibidi. Fungua kingo, paka gundi ya neopreni nyembamba pande zote mbili, ngoja isishike kidoleni, paka tena, ngoja tena, kisha bana kwa nguvu na uache hadi kesho. Uzi unafuata baadaye, nusu ya unene tu. Gundi ya kuziba matairi ya baiskeli nimeshaijaribu: iliachia baada ya kuingia maji mara mbili. Ile ya mafundi viatu inashika, maana nyingi zina mpira wa jamii hiyo hiyo, lakini ikikauka inakuwa ngumu na kukwaruza, itumie nje tu. Gundi yoyote ya aina hii inawaka moto na hairuhusiwi kwenye ndege, wala usiifiche kwenye sanduku. Nunua huko huko ukifika.

Baada ya kila siku suuza kwa maji baridi yasiyo na chumvi, ndani na nje. Anika kivulini, ndani kwanza. Jua linaukausha mpira ukawa kama gome. Usiitundike kwa mabega kwenye henga nyembamba, uzito wa maji utayavuta mabega yarefuke. Ilaze kiunoni juu ya mwanzi mnene, kama tunavyoanika mikeka. Shingo ikikukwaruza usipake Vaseline, mafuta ya petroli hulegeza mpira na gundi. Vaa fulana nyembamba yenye kola ndani.

Jambo moja zaidi, halafu niache. Neopreni nyingi hutokana na mafuta ya petroli, nyingine na mawe ya chokaa, lakini siku hizi zipo suti za mpira wa mti. Kampuni ya nguo za michezo ya Patagonia ilianza kuuza za namna hiyo mwaka 2016. Nilishika moja Bundoran nikakumbuka Mabira, msitu tunaoupita tukienda Kampala, ambako mwanzoni mwa karne ya 20 Waingereza walikuwa wakigemesha mpira wa mwituni. Nilisimama na ile suti mkononi muda mrefu. Kama fedha zitatosha na ukaikuta yenye kipimo chako, chukua hiyo. Mwanzoni ni ngumu kidogo kuvutika, lakini nilipoikagua mishono ilikuwa safi kabisa.

Glavu zangu na kofia yangu nitakupa, zimelala kwenye poda tangu nirudi na bado zina uhai. Buti hazitakuenea. Ile suti uliyosema umewekewa Owino, usilipe salio kwanza. Omba uje nayo Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi kabla jua halijapanda, ije kavu, na ukate kucha. Nitaanzia kwapani.